Kilomita zinazorudishwa nyuma: Sheria ipo, ushahidi uko wapi?

KATIKA vituo vya kununulia pamba mkoani Simiyu, mkulima haamini mizani kwa kuitazama tu. Hutaka kujua kama imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, kwa kuwa miaka mingi ya kupunjwa imemfundisha kwamba kipimo kisichokaguliwa humtumikia anayekishika. Mizani iliyochezewa ikibainika, hakuna mabishano kuhusu aina ya kosa wala kuhusu mahali pa kuliripoti.

Fedha za pamba hiyo zikitumika kununua gari, mkulima huyo huyo hukutana na kipimo kingine ambacho hakina muhuri wa mtu yeyote. Kipimo hicho ni odometa, ile namba ya kwenye dashibodi inayoonyesha kilomita ambazo gari limetembea tangu litoke kiwandani. Namba hiyo husaidia kupandisha au kushusha bei, na dalali huitaja mapema iwapo ni ndogo. Ni namba hiyo pia inayoweza kurudishwa nyuma kwa muda mfupi, bila kuacha alama ambayo mnunuzi wa kawaida anaweza kuiona.

Hakuna ubishi kwamba kumdanganya mnunuzi kwa njia hiyo ni kosa kisheria. Ugumu uko kwenye kuuthibitisha udanganyifu wenyewe. Mkazi wa Lingeka, mkoani Simiyu, aliyeuziwa gari lenye namba ya uongo ana sheria kadhaa za kukimbilia, lakini hana kumbukumbu rasmi inayoonyesha gari lilikuwa na kilomita ngapi lilipokuwa mikononi mwa mmiliki aliyetangulia.

Gari ni mtaji

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, unategemea kilimo na ufugaji. Makao makuu yake ni Bariadi, ambako wakazi wa vijijini hufuata benki, mahakama, hospitali na maduka ya jumla. Safari hizo hutegemea kwa kiasi kikubwa pikipiki pamoja na magari madogo ya abiria ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wameyazoea kwa jina la michomoko.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoonekana katika barabara za Tanzania yalitengenezwa Japani na kutumika huko kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa nje. Baada ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, gari huweza kutumika tena jijini, likauzwa Mwanza au Shinyanga, ndipo lifike kijijini. Mnunuzi wa kijijini huwa mtu wa tatu, wa nne au zaidi katika mlolongo huo, na yeyote aliyemtangulia angeweza kuipunguza namba.

Kwa familia iliyouza pamba na ng'ombe ili kupata gari la biashara, hasara ya udanganyifu huo si ya bei pekee. Chukulia gari lililotembea kilomita 240,000 likauzwa kwa namba ya kilomita 90,000. Mnunuzi atalipa bei ya gari ambalo bado lina nguvu. Kisha atapanga matengenezo yake kwa kufuata namba hiyo ya uongo.

Hapo ndipo hatari ya pili inapoanza. Katika injini nyingi zinazotumia mkanda wa taimingi, mtengenezaji huelekeza ubadilishwe gari linapofikisha takribani kilomita 100,000. Mmiliki anayeamini kwamba bado hajafika huko ataendelea kuendesha, na mkanda ukikatika njiani injini inaweza kuharibika kabisa. Mfumo wa usukani, breki na viungio vya magurudumu navyo huchakaa kwa umbali uliotembewa, si kwa namba iliyoandikwa. Abiria waliomo ndani hawakuwapo wakati wa mauziano, lakini nao hubeba hatari hiyo.

Namna namba inavyorudishwa

Katika magari ya zamani, odometa ilikuwa na magurudumu madogo yenye tarakimu, yaliyozungushwa na waya uliounganishwa na giaboksi. Fundi mwenye nia mbaya aliifungua dashibodi na kuyazungusha kwa mkono au kwa mashine. Mara nyingi tarakimu zilibaki zimepinda au hazikukaa katika mstari mmoja, na mnunuzi mwenye jicho kali aliweza kutilia shaka.

Magari ya sasa huhifadhi kilomita kama data katika chipu iliyo ndani ya dashibodi, na baadhi huhifadhi nakala katika vifaa vingine vya gari. Vifaa vinavyounganishwa na mfumo wa umeme wa gari huweza kuiandika upya data hiyo. Tarakimu hubaki zimenyooka na hazionyeshi dalili yoyote ya kuguswa.

Ipo pia njia ambayo si lazima iwe na hila ndani yake. Dashibodi ikiungua au kuharibika, fundi huweka nyingine iliyotolewa katika gari bovu, nayo huja na kilomita za gari hilo. Kubadilisha dashibodi ni matengenezo halali. Udanganyifu huanza pale gari linapouzwa na mwenye kuuza akanyamaza.

Sheria zinavyosema

Tanzania haina upungufu wa sheria zinazogusa jambo hili. Ya kwanza ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, na inakataza kudai kwa uongo kwamba bidhaa ina ubora, historia au matumizi fulani ya awali. Kilomita za gari ndizo kielelezo cha wazi cha matumizi ya awali, hivyo mfanyabiashara anayetangaza namba asiyoiamini anaingia moja kwa moja katika katazo hilo.

Hata hivyo, sheria hiyo inamlenga anayefanya biashara. Mwenye yadi ya magari ameguswa bila shaka. Mtumishi au mkulima anayeuza gari lake mwenyewe, mara moja katika miaka kadhaa, anaweza kujitetea kwamba yeye si mfanyabiashara. Magari mengi yanayofika vijijini huuzwa kwa njia hiyo ya mtu kwa mtu, dalali akiwa katikati.

Kwa mauziano ya aina hiyo, mnunuzi hutegemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Chini ya sheria hiyo, mkataba uliopatikana kwa hila unaweza kubatilishwa na aliyehadaiwa, na hila haihusu maneno ya uongo peke yake. Kuficha kwa makusudi jambo ambalo mhusika analijua nako ni hila. Kwa hiyo muuzaji aliyeirudisha namba hawezi kujificha nyuma ya hoja kwamba hakutamka lolote kuhusu kilomita.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango mdogo ambao wanunuzi wengi hawaujui. Pale ambapo muuzaji alinyamaza tu, au alitoa maelezo yasiyo sahihi bila nia ya kudanganya, mnunuzi anaweza kunyimwa haki ya kuubatilisha mkataba ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Maana yake ni kwamba mtu aliyenunua bila kuuliza nyaraka, bila fundi na bila kulijaribu gari anaweza kukuta uzembe wake unatumiwa dhidi yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaongeza kinga nyingine. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Gari lililotangazwa kuwa limetembea kilomita 90,000, na maelezo hayo yakawa sehemu ya mapatano, si gari lile lile iwapo limetembea 240,000. Kwa upande mwingine, sheria hiyo imerithi kutoka Uingereza kanuni ya kumtaka mnunuzi ajihadhari, hususan pale anapolikagua gari mwenyewe kabla ya kulipa.

Upande wa jinai upo pia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitambua kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa udanganyifu unaofanywa kwa kubadilisha data za kompyuta. Kwa kuwa odometa ya kisasa ni data iliyo ndani ya chipu, ipo hoja nzito kwamba anayeibadilisha ili kumtia mwenzake hasara anaweza kushitakiwa chini ya sheria hiyo.

Kesi inapokwama

Pamoja na wingi huo wa sheria, zote zinakutana katika sharti moja. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtaka anayedai jambo alithibitishe. Katika kesi ya madai, mnunuzi lazima aonyeshe kwamba maelezo yake yana uzito kuliko ya muuzaji. Katika kesi ya jinai, upande wa mashitaka lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi.

Kinachotakiwa kuthibitishwa si kwamba gari limechoka. Ni kwamba namba ilipunguzwa, na kwamba muuzaji huyu ndiye aliyeipunguza au alijua kuwa imepunguzwa. Gari lililopita katika mikono minne lina watu wanne wanaoweza kunyoosheana vidole, na kila mmoja atasema kwamba alilipokea likiwa hivyo. Baadhi yao watakuwa wanasema kweli.

Kadi ya gari, ambayo ndiyo hati kuu ya umiliki nchini, haisaidii. Huonyesha namba ya usajili, namba za chasisi na injini, aina ya gari, rangi, mwaka wa kutengenezwa, uwezo wa injini, uzito na jina la mmiliki. Kilomita hazimo. Umiliki unapohamishwa katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kadi mpya hutolewa kwa jina jipya na fursa ya kuiandika namba ya siku hiyo hupita.

Sababu yake inaeleweka. Kodi ya gari lililotumika hukokotolewa kwa kuangalia aina, ukubwa wa injini na umri wake, na magari makuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Serikali ina maslahi ya moja kwa moja katika kuujua mwaka wa kutengenezwa, na ndiyo maana mwaka huo umeandikwa kwenye kadi. Kenya nayo imejikita kwenye umri, kwa kuzuia magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8 yasiingizwe nchini humo. Kilomita zimeachwa kuwa jambo la muuzaji na mnunuzi.

Ushahidi unaoishia bandarini

Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa magari mengi kumbukumbu hiyo huwapo, kisha hupotea. Nchini Japani, gari hufanyiwa ukaguzi wa lazima kwa vipindi maalumu, na tangu mwaka 2004 kilomita zake huandikwa katika cheti cha ukaguzi. Gari linapofutwa katika usajili wa Japani ili lisafirishwe nje, cheti cha kusafirisha hubeba kumbukumbu ya kilomita pamoja na namba ya chasisi. Magari mengi pia hupitia minadani, ambako karatasi ya mnada hutaja kilomita na kuweka alama maalumu pale zinapotiliwa shaka.

Kwa maneno mengine, gari linaposhushwa Dar es Salaam, mara nyingi huwa na ushahidi ulioandikwa wa umbali lililotembea hadi lilipokaguliwa mara ya mwisho au kuuzwa Japani. Karatasi hizo hutumiwa na wakala wa forodha kulitoa gari, kisha huishia katika jalada lake. Mnunuzi wa kwanza huenda akapata nakala. Mnunuzi wa nne, aliyeko Simiyu, hukabidhiwa kadi na funguo.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Ukaguzi huo kwa miaka kadhaa ulifanywa katika nchi yanakotoka magari kabla hayajapakiwa melini, na mwaka 2021 ukahamishiwa nchini. Lengo lake kuu ni usalama wa gari barabarani. Mjadala kuhusu mahali pa kulikagua gari umekuwa mkubwa, lakini haujagusa suala la kumbukumbu ya kilomita baada ya gari kutoka getini.

Waliofanikiwa walianza na daftari

Marekani ilipitisha sheria ya taifa dhidi ya udanganyifu wa odometa mwaka 1972. Sheria hiyo ilipiga marufuku kuirudisha namba nyuma, lakini haikuishia hapo. Ilimlazimisha muuzaji aiandike namba ya siku ya mauzo na kuitia saini. Mwaka 1986 ikaimarishwa kwa kutaka namba hiyo iandikwe kwenye hati ya umiliki yenyewe, ili isitenganishwe na gari.

Aliyedanganywa anaweza kudai fidia ya mara 3 ya hasara aliyopata au dola 10,000, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Odometa ikitengenezwa na ikashindikana kurudisha namba ya awali, sheria inataka iwekwe sifuri na tangazo libandikwe kwenye fremu ya mlango wa dereva. Fundi mwaminifu ana njia ya kufanya kazi yake, na mdanganyifu amenyimwa kisingizio cha matengenezo.

Hata hivyo, hata Marekani haijaumaliza uovu huo. Mwaka 2002, wakala wake wa usalama barabarani, NHTSA, ulikadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na namba za uongo, na kuwasababishia wanunuzi hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Adhabu kali peke yake haikutosha.

Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2004, gereji na vituo vya ukaguzi vinatakiwa kupeleka kilomita za gari katika daftari moja la taifa kila gari linapohudumiwa. Anayeuza gari lililotumika lazima amkabidhi mnunuzi hati inayoitwa Car-Pass, inayoorodhesha namba hizo kwa tarehe zake. Namba ikishuka kati ya tarehe mbili, kila mtu anaiona. Nchini Uingereza, kilomita au maili zinazoandikwa wakati wa ukaguzi wa kila mwaka zinaweza kutazamwa na yeyote kwa njia ya intaneti, akiwa na namba ya usajili tu.

Funzo kwa Tanzania ni kwamba si lazima kuanza na sheria mpya kabisa. Kadi ya gari inaweza kuongezewa mstari mmoja wa kilomita wakati wa usajili wa kwanza, zikinakiliwa kutoka katika nyaraka za Japani, na mstari huo kujazwa upya kila umiliki unapohamishwa. Kwa magari ya abiria, ambayo hufanyiwa ukaguzi ili yapate leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), namba hiyo ingeweza kuingizwa katika kumbukumbu hiyo hiyo. Muuzaji anayejua kwamba namba ya mwaka jana imo kwenye kompyuta ya serikali atafikiri mara mbili kabla ya kuipunguza.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huo utaongeza gharama na foleni. Hoja hiyo ina uzito kwa daftari la mfano wa Ubelgiji, linalohitaji gereji zote ziunganishwe. Haina uzito mkubwa kwa namba moja inayoandikwa kwenye fomu ambayo muuzaji na mnunuzi tayari wanaijaza.

Mnunuzi ajikinge vipi

Wakati hilo likisubiriwa, kinga iliyopo ni karatasi ambayo mnunuzi ataitengeneza mwenyewe. Mkataba wa mauziano usiishie kutaja bei, namba ya chasisi na majina ya mashahidi. Uandikwe pia kilomita zinazosomeka siku hiyo, pamoja na tamko la muuzaji kwamba kwa ufahamu wake namba hiyo ni sahihi na haijabadilishwa. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa. Anayekataa amekwishatoa jibu.

Mnunuzi aombe nakala ya cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani na vibandiko vya kubadilishia oili, ambavyo mafundi wengi huandika kilomita za siku hiyo na za huduma inayofuata. Kanyagio za breki zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na gari linalodaiwa kuwa limetembea kidogo. Fundi wa kulikagua atafutwe na mnunuzi, asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Tangazo la gari lililotumwa kwa simu lisifutwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, hivyo ujumbe unaotaja kilomita unaweza kuwa na thamani kuliko maneno ya shahidi. Aliyeuziwa na mfanyabiashara anaweza kupeleka malalamiko FCC, na aliyeuziwa na mtu binafsi ana njia ya polisi au ya shauri la madai mahakamani.

Yote hayo yanamtwisha mnunuzi mzigo ambao katika nchi nyingine hubebwa na daftari la umma. Mwenye fedha na mwanasheria ataubeba. Aliyeuza ng'ombe wanne ili kupata gari la kupeleka abiria mnadani atashindwa mara nyingi kabla hajafika mahakamani, na muuzaji analijua hilo. Mpaka kilomita zitakapoandikwa kwenye kadi, sheria zitaendelea kumlinda zaidi yule aliyekumbuka kuziandika mwenyewe.